Nani Ashike Ufunguo wa Tatu? Historia ya Usimamizi wa Benki Ikitazamwa Kutoka Mafia

Katika vikundi vya kuweka na kukopa vya Kisiwa cha Mafia, kama ilivyo katika VICOBA vingi nchini, fedha za wanachama hutunzwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe huwekwa kwa mtu wa nne. Sanduku hufunguliwa mbele ya mkutano, fedha zikahesabiwa kwa sauti, kisha likafungwa tena. Utaratibu huu hauna maana kwamba wanachama hawaaminiani. Maana yake ni kwamba wanajua kuwa fedha ya wengi, ikikaa chini ya mkono mmoja, humtia majaribuni hata mwema.

Kanuni hiyo, ambayo wakulima wa mwani na wachuuzi wa pweza wanaielewa bila kusomewa kifungu chochote cha sheria, nchi zetu zimechukua zaidi ya nusu karne kujifunza, tena kwa gharama kubwa. Katika makala hii nalinganisha namna Tanzania, Kenya na Uganda zilivyosimamia benki zao, nikizigusa na nchi nyingine pale inapofaa. Hoja yangu ni moja: kinachoitofautisha nchi na nchi si ukali wa sheria iliyoandikwa, kwa kuwa sheria zetu zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kinachozitofautisha ni kama mmiliki wa benki, mkopaji mkubwa na msimamizi ni watu watatu tofauti, au ni mtu mmoja aliyevaa kofia tatu.

Benki salama, mlango umefungwa

Mafia iliingia katika himaya ya Ujerumani mwaka 1890. Makao ya utawala yalikuwa kisiwani Chole hadi yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Wakati huo Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyoanzishwa mwaka 1905, ndiyo iliyotoa noti za rupia za koloni. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, na mwishoni mwa 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye makao yake London.

Inafaa kuelewa Bodi hiyo ilifanya nini, na zaidi, haikufanya nini. Kazi yake ilikuwa kutoa sarafu za Afrika Mashariki kwa kubadilishana na pauni zilizohifadhiwa London. Haikuwa benki kuu. Haikuikagua benki yoyote, haikuikopesha iliyokwama, wala haikumlinda mweka amana. Benki tatu zilizotawala soko, yaani National Bank of India, Standard na Barclays, zilikuwa matawi ya taasisi za ng'ambo, na macho yaliyozitazama yalikuwa ya makao makuu yao.

Benki hizo hazikuanguka. Lakini usalama wao ulitokana kwa sehemu kubwa na ukweli kwamba hazikumkopesha Mwafrika. Sheria za Tanganyika za mwaka 1923 na 1931 kuhusu mikopo kwa wenyeji ziliweka kwamba deni la mwenyeji lisingedaiwa mahakamani iwapo mkopo haukuwa na kibali cha ofisa wa serikali. Serikali ilisema inamlinda mwananchi asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba mwenye minazi yake kumi alibaki na mkopeshaji mmoja tu, mwenye duka, kwa makubaliano ya mdomo na dhamana ya mavuno ambayo hayajaanguliwa. Somo la kwanza la historia yetu ya kibenki ndilo hili: benki inaweza kuwa salama kabisa na bado isimfae mtu. Usimamizi unaopima usalama peke yake umepima nusu ya kazi.

Mwaka 1966 na njia tatu

Umoja wa sarafu ulipovunjika, nchi tatu zilizaa benki kuu tatu katika mwaka mmoja. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, Edwin Mtei akiwa gavana wa kwanza. Uganda ikafuata Agosti na Kenya Septemba. Sheria zilizoziunda zilikaribiana sana. Njia zilizofuatwa hazikukaribiana.

Tanzania ilikwenda kwenye umiliki wa umma. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata benki binafsi zikataifishwa na kuunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Sitaki kuidharau hatua hiyo. NBC ilifungua matawi katika wilaya ambazo Barclays isingekanyaga kamwe, na ule mlango uliofungwa enzi za ukoloni ulifunguliwa kweli. Lakini katika kuufungua, funguo zote tatu ziliwekwa katika pete moja. Mwenye NBC alikuwa serikali. Wakopaji wakubwa wa NBC walikuwa mashirika ya umma, mamlaka za mazao na vyama vya ushirika, ambavyo vilikopa kwa kufuata mpango wa serikali. Na aliyepaswa kuuliza kama mikopo hiyo italipwa alikuwa Benki Kuu, chombo cha serikali hiyo hiyo. Wahenga walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Hapa nyani, ngedere na mwenye shamba walikuwa wa ukoo mmoja.

Mkopo usiolipwa katika mfumo wa namna hiyo hauonekani. Huongezewa muda, hubadilishwa jina, hufunikwa na mkopo mwingine. Mwaka 1988 iliundwa tume ya rais kuchunguza mfumo wa fedha na benki, chini ya Charles Nyirabu, gavana wa zamani wa Benki Kuu, na taarifa yake ya mwaka 1990 ikafungua njia kwa Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991. Sheria hiyo iliruhusu benki binafsi na kuipa Benki Kuu kazi ya kusimamia kwa maana halisi ya neno. Mikopo chechefu ilihamishiwa chombo maalumu cha kukusanya madeni, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa. NMB ilirithi sehemu kubwa ya matawi ya wilayani, na tawi la NMB la Kilindoni tunaloliona leo ni la ukoo huo. Gharama ya kusafisha vitabu vya NBC ilibebwa na hazina, yaani na mlipa kodi, akiwemo yule ambaye hakuwahi kukopa hata shilingi.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Iliacha benki binafsi zikue, huku serikali ikinunua hisa katika baadhi yake. Kwa juu juu, mmiliki na msimamizi walitenganishwa. Lakini kwa miaka mingi aliyetoa leseni ya benki hakuwa Benki Kuu bali Waziri wa Fedha. Katika miaka ya 1980 benki ndogo na taasisi za fedha zilichipuka kama uyoga wakati wa masika, kadhaa kati yake zikiwa na wakurugenzi wenye majina makubwa katika siasa. Nyingine zilipata amana za mashirika ya umma kwa sababu ya majina hayo. Msimamizi aliyegundua uozo alilazimika kwanza kujiuliza benki hiyo ni ya nani. Kuanguka kwa taasisi kadhaa kati ya 1984 na 1986, kashfa ya Goldenberg ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wimbi la benki zilizofungwa mwaka 1998, vyote vilitokea chini ya sheria ambayo kwenye karatasi ilijitosheleza.

Uganda ilipata somo lake kwa muda mfupi zaidi. Kati ya Septemba 1998 na Mei 1999 zilifungwa International Credit Bank, Greenland na Cooperative Bank. Kisa cha Greenland kinastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa uchumi. Benki hiyo ilijipenyeza katika ununuzi wa Uganda Commercial Bank, benki kubwa kuliko zote nchini, kwa kutumia kampuni ya Westmont ya Malaysia kama kivuli. Mnunuzi aliyeonekana hakuwa mnunuzi wa kweli, na msimamizi alichelewa kuuliza nani yuko nyuma ya pazia. Greenland ilikuwa na benki dada Dar es Salaam, nayo ikafungwa mwaka huo huo. Mweka amana wa Tanzania alilipia kosa lililotendwa Kampala.

Fimbo ya mbali

Tatizo hilo la kuvuka mipaka si letu peke yetu. Tarehe 5 Julai 1991 wasimamizi wa nchi kadhaa waliifunga BCCI, benki iliyosajiliwa Luxembourg na Visiwa vya Cayman, ikaendeshwa kutoka London, na kuwa na matawi hadi barani Afrika. Kila msimamizi aliona kipande chake, na hakuna aliyeuona mwili mzima. Baada ya hapo Kamati ya Basel, iliyokuwa imeundwa mwaka 1974 baada ya kuanguka kwa Herstatt ya Ujerumani, ilikaza kanuni kwamba kila benki ya kimataifa lazima iwe na msimamizi mmoja wa nyumbani anayeitazama yote.

Miaka ishirini na zaidi baadaye Tanzania ilijikuta ndiyo msimamizi wa nyumbani wa kesi ya aina hiyo. FBME ilikuwa na leseni ya Tanzania, lakini sehemu kubwa ya biashara yake ilifanyika Cyprus. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani iliitaja kuwa benki yenye hatari kubwa ya utakatishaji fedha. Ndipo Cyprus ikalishika tawi lake, na Benki Kuu yetu ikaiweka benki nzima chini ya usimamizi. Leseni ilifutwa Mei 2017. Swali linalobaki ni kwa nini kengele ilipigwa Washington kabla ya kupigwa Dar es Salaam au Nicosia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini katika kisa hiki aliyekuwa na fimbo ya karibu hakuwa amemwona nyoka, kwa kuwa nyoka alikuwa anaishi kwa jirani.

Wengine walijaribu nini? Uingereza mwaka 1997 iliamua kuuondoa usimamizi wa benki kutoka Benki Kuu na kuukabidhi mamlaka moja ya huduma zote za fedha. Northern Rock ilipokimbiliwa na wateja wake mwaka 2007, mamlaka hiyo, Benki Kuu na Hazina zilionekana kila moja ikimtazama mwenzake, na kufikia 2013 usimamizi ulikuwa umerudishwa Benki Kuu. Marekani ina wasimamizi wengi wanaopishana, wengine wakianzia mwaka 1863, 1913 na 1933. Kanada ina msimamizi mmoja wa benki tangu 1987, na ilipita katika msukosuko wa 2008 bila benki yake kubwa yoyote kuanguka. Mtu angeweza kukimbilia kusema kwamba dawa ni msimamizi mmoja, lakini Uingereza nayo ilikuwa na mmoja. Idadi ya wasimamizi haituambii mengi. Kinachotuambia mengi ni kama aliyepewa kazi anaweza kusema hapana kwa mwenye nguvu, na akasikilizwa.

Nani huokolewa?

Miaka ya 2015 hadi 2018 ilizipima nchi zetu zote tatu kwa wakati mmoja, na majibu yake yanafaa kuwekwa bega kwa bega.

Kenya ilifunga Dubai Bank Agosti 2015, ikaiweka Imperial Bank chini ya mfilisi Oktoba mwaka huo baada ya kugundulika kwamba uongozi uliendesha hesabu za siri kwa miaka, kisha Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Chase ilifunguliwa tena ndani ya wiki chache chini ya uangalizi wa KCB, na baadaye sehemu kubwa ya biashara yake ikachukuliwa na SBM ya Mauritius. Wateja wa Imperial walisubiri miaka. Uganda iliichukua Crane Bank Oktoba 2016 na kuikabidhi DFCU Januari 2017. Lakini Uganda ilifanya jambo ambalo wengine hatukulifanya: Mkaguzi Mkuu na kamati ya Bunge walimweka msimamizi mwenyewe kizimbani, wakauliza benki saba ziliuzwaje katika miaka yote hiyo, na wakakuta kumbukumbu muhimu hazipo.

Tanzania je? Benki za wananchi zilipewa hadi tarehe 31 Desemba 2017 kufikisha mtaji wa shilingi bilioni 2. Mbinga ilikuwa imekwisha kufungwa Mei mwaka huo. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni tano kwa siku moja: Covenant Bank for Women, Efatha, Njombe, Kagera Farmers' Cooperative na Meru. Wateja wake walirejeshewa kwanza kile kilichokingwa na Bodi ya Bima ya Amana, yaani kisichozidi shilingi milioni 1.5, na kilichozidi kikasubiri ufilisi. Kiwango hicho kimepandishwa baadaye hadi milioni 7.5, na hilo ni jambo la kupongezwa. Kwa upande mwingine, Twiga Bancorp, mali ya serikali, iliwekwa chini ya usimamizi Oktoba 2016 na mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta. Bank M, iliyohudumia wateja wakubwa, iliwekwa chini ya usimamizi Agosti 2018, kisha mali na madeni yake yakahamishiwa Azania.

Sisemi kwamba benki za wananchi zilistahili kuachwa ziendelee huku mtaji umekwisha. Benki isiyo na mtaji inacheza kamari kwa fedha ya mteja. Ninachosema ni kwamba sheria ile ile ilikuwa na milango miwili, mlango wa kufunga na mlango wa kuunganisha, na aliyepitishwa mlango wa kwanza alikuwa mkulima wa Njombe na Meru. Msimamizi anaweza kuwa na sababu nzuri za kitaalamu: benki kubwa ikianguka huvuta nyingine, ndogo haivuti. Lakini kwa mkazi wa wilaya, benki ndogo iliyo karibu inaweza kuwa ndiyo mfumo wote wa fedha anaoujua. Hatari hupimwa kutoka mahali fulani, na kwa kawaida mahali hapo ni mjini.

Mafia leo: daraja la nne

Hapa ndipo historia inaporudi Kilindoni. Sehemu kubwa ya akiba ya watu wa visiwani haipiti kabisa katika benki ambazo makala hii imezitaja. Ipo katika simu na ipo katika vikundi. Katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, VICOBA vilihamasishwa pia na mradi wa uhifadhi wa bahari wa WWF, kwa hoja kwamba mvuvi mwenye akiba hana haja ya kuharibu mwamba ili ale leo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviingiza vikundi hivyo katika mfumo rasmi, ikavipanga katika daraja la nne. Benki Kuu, ambayo isingeweza kutuma mkaguzi kwa kila sanduku la kufuli tatu kuanzia Jibondo hadi Bweni, ilikasimu usimamizi wa daraja hilo kwa halmashauri, kama ilivyokasimu SACCOS kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kenya ilikwenda tofauti: mwaka 2008 ilitunga sheria iliyounda mamlaka ya pekee ya SACCO. Uganda mwaka 2016 iliunda mamlaka ya huduma ndogo za fedha inayojumuisha pia wakopeshaji binafsi na vikundi. Uamuzi wetu una mantiki, kwa kuwa halmashauri ndiyo serikali iliyo karibu zaidi na kijiji. Fimbo, safari hii, ni ya karibu.

Lakini halmashauri hiyo hiyo inatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanaokopeshwa ni vikundi. Kwa hiyo katika wilaya moja, chini ya paa moja, tunaye mkopeshaji wa vikundi na msimamizi wa vikundi. Serikali ilipoisitisha mikopo hiyo mwaka 2023, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, mjadala ulikuwa juu ya nidhamu ya wakopaji na uadilifu wa maofisa. Niliusoma mjadala ule kama mwanafunzi wa historia ya NBC. Uadilifu ni muhimu, lakini hata NBC ilikuwa na watu waadilifu. Walichokosa ni mtu wa nje mwenye ufunguo wake mwenyewe.

Madhara yake kwa kikundi cha kina mama wa mwani si ya kufikirika. Kikundi kilichokopa halmashauri na kuyumba kitasitasita kufungua vitabu vyake kwa halmashauri. Ofisa aliyeidhinisha mkopo hatakuwa na haraka ya kuandika kwamba umekufa. Na ikitokea mtunza hazina ametoweka na fedha, hakuna Bodi ya Bima ya Amana itakayokuja, kwa kuwa kinga yake ni ya benki na taasisi zenye leseni, haifiki kwenye sanduku la kijiji.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, anayekopesha asikague. Mikopo ya asilimia 10 ibaki halmashauri au ipitishiwe benki, lakini ukaguzi wa vikundi vya daraja la nne ufanywe na mkono mwingine, uwe wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika au wa matawi ya Benki Kuu kwa kuchagua vikundi vichache kila mwaka bila kutoa taarifa. Pili, matokeo ya ukaguzi yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wenye fedha, kama sanduku linavyohesabiwa mbele ya wanachama. Tatu, Bunge letu liige lile jambo moja jema la Kampala: liwe na desturi ya kumuuliza msimamizi, kwa kumbukumbu za maandishi, benki ipi ilifungwa, ipi iliunganishwa, na kwa kipimo gani.

Mtumishi wa halmashauri atakayesoma haya anaweza kuhisi kwamba nambebesha tuhuma. Sivyo. Kumwondolea mtu ufunguo mmoja kati ya mitatu si kumwita mwizi. Ni kumpa ushahidi siku atakapotuhumiwa. Wanachama wa VICOBA hawamwoni mtunza sanduku kuwa mtu duni kwa kukosa ufunguo. Kinyume chake, ndiye anayelala usingizi mzito kuliko wote.